Jigi, Rili na Panki: Hesabu Iliyo Ndani ya Bendi ya Kiairishi Kutoka Norwei

Mwekee mtu asiyewajua wimbo wa Greenland Whalefishers, kisha muulize hawa ni wa wapi. Atasikia filimbi nyembamba ikikimbia juu, banjo ikichakarika chini yake, dramu za panki, ile roki ya kasi na hasira, zikipigwa kwa pupa, na sauti ya kiume iliyokwaruza ikiimba kwa Kiingereza. Atasema Dublin. Akiujua muziki huu kidogo, atasema Boston. Jibu ni Bergen, mji wa bandari wa magharibi ya Norwei, unaosifika kwa mvua zake na, kwa wapenzi wa gitaa nzito, kwa bendi za metali nyeusi kama Immortal. Whalefishers waliundwa huko mwaka 1994, yaani miaka miwili kabla ya bendi ya Dropkick Murphys kuanza Quincy, Massachusetts, karibu na Boston. Anayedhani Wanorwei hawa waliwaiga Wamarekani amegeuza mpangilio wa miaka.

Jina lao ndilo kidokezo cha kwanza. Upo wimbo wa kale wa mabaharia wa Kiingereza, "Greenland Whale Fisheries", unaosimulia meli ya kuvua nyangumi iliyoelekea bahari ya barafu. Nyangumi anachomwa chusa, anapiga mkia, mashua inapinduka, na mabaharia hawaonekani tena. Bendi ya The Pogues iliurekodi katika albamu yake ya kwanza, Red Roses for Me, mwaka 1984. Vijana wa Bergen wakaligeuza jina kidogo: wimbo unataja shughuli ya uvuvi, wao wakajiita wavuvi wenyewe. Wimbo wa Kiingereza, ukapitia kwa bendi ya London yenye watoto wa wahamiaji wa Ireland, ukaishia kuwa jina la bendi katika nchi ambayo kweli ilivua nyangumi kwa wingi. Ndiyo nchi ya Svend Foyn wa Tønsberg, aliyekamilisha chusa yenye bomu mnamo 1870 na kuugeuza uvuvi huo kuwa kiwanda.

Linalobaki ni swali gumu zaidi. Norwei ina muziki wake wa asili, mkongwe na wenye nguvu. Kwa nini basi bendi ya huko ichukue nyimbo za kisiwa kingine? Majibu matatu hutolewa, na yamesukwa pamoja kama ukili hata watu hawayatenganishi: damu, bahari, na sahani za santuri. Tuyafumue moja moja.

Damu kwanza, kwa kuwa ndilo jibu linalopendwa. Waviking waliotoka Norwei walipiga kambi Dublin mwaka 841 na mji ukakua hapo. Visiwa vya Orkney na Shetland vilikuwa chini ya taji la Norwei mpaka mfalme Christian I alipoviweka rehani kwa Uskoti mwaka 1468 na 1469, alipomwoza binti yake na fedha taslimu za harusi zikampungukia. (Kule baba wa binti ndiye aliyetakiwa kutoa, kinyume cha mahari ya kwetu.) Undugu huo ni wa kweli. Lakini hauwezi kubeba muziki ambao ulikuwa bado haujatungwa. Rili na jigi, yaani miziki ya dansi ya Ireland na Uskoti, nyingi zinazopigwa leo zilipata umbo lake karne ya 18 na baada yake, miaka mamia kadhaa baada ya Waviking kuacha kuitwa Waviking.

Ala nazo hazitaki kusikia habari ya damu. Filimbi ya bati, ambayo kwa wengi ndiyo sauti ya Ireland, ilisambaa kutoka Uingereza, ambako Robert Clarke alianza kuitengeneza mwaka 1843 kwa bei ambayo hata mtoto wa maskini aliimudu. Kodiani ilisajiliwa Vienna mwaka 1829. Banjo ina asili ya Afrika: mababu zake ni ala za vibuyu na ngozi zilizobebwa vichwani mwa watumwa kutoka Afrika Magharibi hadi Karibi na Marekani, zikaundwa upya huko, kisha zikavuka bahari kurudi Ulaya. Kodiani ileile ilifika pia kwetu. Kule Unguja, kodiani iliingia katika taarabu ikakaa kando ya fidla na kanuni. Nyanda za juu za Kenya Wakikuyu wakaitungia mwomboko, ngoma iliyokopa hatua za dansi za Kizungu ikazifanya zake kabisa. Hakuna aliyehitaji bibi wa Vienna kufanya hivyo.

Neno "Kikelti" lenyewe ni jina la familia ya lugha: Kiairishi, Kigaeli cha Uskoti, Kiwelisi, Kibretoni na jamaa zao. Kuitwa jina la muziki ni jambo la juzi tu, lililokuzwa na matamasha kama lile la Lorient, Ufaransa, lililoanza mwaka 1971, na maduka ya santuri yaliyohitaji kibandiko cha rafu. Mpiga filimbi wa mashambani County Clare alikuwa akisema tu kwamba anapiga muziki.

Bahari inaeleza maneno ya nyimbo zaidi kuliko sauti. Mji wa bandari unaelewa meli, ulevi wa ufukweni na wanaume wasiorudi, na mashairi ya aina hii yanapata masikio yaliyokwisha kulimwa. Hapo inatosha.

Jibu lenye uzito ni santuri. The Pogues walianza London mwaka 1982. Mwimbaji wao, Shane MacGowan, alizaliwa Kent, Uingereza, kwa wazazi wa Ireland, na alikuwa katikati ya panki ya London ilipolipuka. Walichofanya ni kuchukua ala za muziki wa Kiairishi, yaani filimbi, banjo, kodiani, na kuzipiga kwa hasira ya panki. Gitaa la umeme halikuwa kiini cha sauti yao ya mwanzo. Mpiga dramu Andrew Ranken alipiga akiwa amesimama, na ngoma chache mbele yake. Bendi za Marekani zilizofuata zilifanya kinyume: zilianza na panki kamili yenye gitaa nzito, zikaongeza filimbi au zumari la mfuko juu yake. Whalefishers wanasimama kati ya shule hizi mbili, wakiwa na filimbi, mandolini na banjo karibu na gitaa la umeme, na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wimbo wao unaongozwa na sauti na filimbi, gitaa likifuata.

Santuri inaeleza muziki ulifikaje Bergen. Haielezi kwa nini ulishika. Bergen ilifikiwa na santuri za kila aina, na nyingi hazikuzaa kitu. Sababu ya huu kushika iko ndani ya mapigo, na inaweza kuhesabiwa.

Anza na rili. Huandikwa kwa mapigo manne kwa kipimo, yaani kila fungu la hesabu, lakini wachezaji wa dansi husikia mawili makubwa. Ndani ya kipimo mna noti nane fupi. Kasi ya kawaida ya kuchezesha watu ni mapigo makubwa 110 hivi kwa dakika, na kila pigo kubwa lina noti nne fupi, kwa hiyo vidole vya mpiga filimbi hutoa noti 440 kwa dakika, zaidi kidogo ya 7 kwa sekunde. Sasa mtazame mpiga dramu wa panki. Yeye huhesabu mapigo madogo, mguu (ngoma kubwa ya kukanyagwa), snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali), mguu, snea, na kasi ya kawaida ya panki ya haraka ni 200 mpaka 220. Kwa 220, kila pigo likigawanywa mara mbili, unapata 440. Namba ni ileile. Rili haihitaji kuharakishwa hata chembe ili ikae juu ya panki, kwa kuwa tangu awali ilikuwa inakimbia kwa kasi hiyo. Panki iliweka tu mguu na snea mahali ambapo viatu vya wachezaji vilikuwa vikigonga sakafu. Watu wengi hudhani bendi hizi zinachukua nyimbo za polepole na kuzichapa mbio. Kwa rili, si kweli.

Jigi ni habari nyingine, na ndipo bendi changa zinapoharibikiwa. Jigi ni sita kwa nane: makundi mawili ya noti tatu, TA-ta-ta TA-ta-ta. Msomaji wa pwani asiogope hesabu hiyo, maana chakacha nayo inatembea kwa sita, na kiuno kinachoijua chakacha tayari kina jigi nusu. Tofauti ni kwamba chakacha huchezea tatu dhidi ya mbili mle ndani ya sita, na utamu wake uko katika mvutano huo. Jigi inakaa kwenye mbili na haiyumbi. Kasi ya dansi ni makundi 120 hivi kwa dakika, sawa na noti 6 kwa sekunde. Ikipigwa na bendi ya panki hupanda hadi 140 au 150, na 150 ni noti 7.5 kwa sekunde, karibu sawa na rili.

Kosa la kwanza hutokea kwenye gitaa. Mpiga gitaa wa panki amezoea kushusha mkono kwa usawa, chini-chini-chini-chini, nne kwa nne. Akiweka nne zake juu ya sita za filimbi, vitu viwili vinakimbia kwa kwato tofauti na wimbo unasagika. Dawa ni mpangilio wa mkono: chini-juu-chini, chini-juu-chini. Angalia kwamba mwisho wa kundi la kwanza na mwanzo wa la pili mkono unashuka mara mbili mfululizo. Hiyo ni makusudi. Anayepiga kwa kupokezana bila kuvunja, chini-juu-chini kisha juu-chini-juu, anaanza kundi la pili kwa mkono unaopanda, ulio dhaifu, na jigi inachechemea. Kwa rili kupokezana ni sahihi: chini-juu-chini-juu, mkazo ukiangukia noti ya kwanza ya kila nne.

Kosa la pili ni la dramu. Kwenye jigi kuna njia mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza: mguu kwenye noti ya 1, snea kwenye ya 4, matoazi ya shaba yakigonga zote sita. Hii hubembea, na inafaa kiitikio ambacho ukumbi mzima unaimba. Ya pili: mguu kwenye 1 na 4, snea kwenye 3 na 6. Hii hukimbia kama farasi, na ndiyo alama ya kidole ya panki ya Kikelti duniani kote. Kisichofanya kazi ni snea kwenye 2 na 5. Kinasikika kama mtu anayejikwaa, kwa kuwa noti hizo ndizo nyepesi kabisa katika wimbo, na melodia haina kitu hapo cha kuibeba snea.

Polka, mbili kwa nne, haina shida yoyote. Ni panki iliyozaliwa mapema. Walsi, tatu kwa nne, hutumika mwisho wa onyesho watu wanapoegemeana mabega.

Hapa ndipo swali la muziki wa Norwei linapopata jibu lake. Ngoma kuu ya mashambani Norwei ni springari, ya mapigo matatu. Lakini mapigo hayo hayalingani urefu. Telemark, pigo la kwanza ni refu, la pili la wastani, la tatu fupi. Valdres hupangwa vingine: fupi, refu, la wastani. Mpiga fidla huyaonyesha kwa mguu, na mchezaji huyafuata kwa magoti. Springari inaishi ndani ya kutolingana huko. Ala yake, fidla ya Hardanger, nayo ina tabia yake: nyuzi nne za kupigwa na nne au tano zilizopita chini yake, haziguswi, zinalia zenyewe kwa mwangwi. Ni mlio unaotaka chumba chenye utulivu na msikilizaji wa karibu.

Weka dramu ya panki chini ya springari uone. Snea inataka mahali pamoja pa kutua, kila mara sawa. Mpiga dramu akiyalinganisha mapigo matatu ili apate mahali hapo, springari imekuwa walsi, na wachezaji wenyewe watakuambia kuwa hiyo siyo yao. Akijitahidi kufuata kutolingana, panki inapoteza mbio zake zilizonyooka, ambazo ndizo uhai wake. Kitu kimoja lazima kife. Kuna ngoma nyingine ya Norwei, halingi, ambayo mwanamume huruka na kuipiga teke kofia iliyoshikwa juu ya fimbo. Hiyo inakwenda kwa mawili yaliyo sawa na ingeweza kukaa juu ya panki bila ugomvi. Lakini fidla ya Hardanger imepangwa nyuzi zake kwa namna nyingi, baadhi ya nyimbo zinataka mpango wake peke yake, na mwanafunzi anahitaji mwalimu wa eneo lile. Filimbi ya bati ina matundu sita, na kijana wa mjini anaweza kujifunza rili yake ya kwanza kwa kuisikiliza kwenye kaseti. Urahisi huo si jambo la kudharau. Panki ilikuwa muziki wa watu wasiosubiri kufunzwa.

Upo pia uwiano wa kodi za gitaa. Mpiga panki hutumia kodi ya noti mbili, ya mzizi na ya tano yake, akiiacha ile ya tatu inayoamua kama sauti ni ya furaha au ya huzuni. Nyimbo nyingi za Ireland na Uskoti hazitulii kwenye furaha wala huzuni kamili. Utakuta wimbo unaokaa kwenye D lakini unatumia C ya kawaida badala ya C iliyopandishwa. Mpiga gitaa aliyefundishwa shuleni ataweka kodi kamili ya A, iliyo na C iliyopandishwa ndani yake, na papo hapo filimbi ikipiga C ya kawaida utasikia meno yakigongana. Akipiga A na E tu, ugomvi haupo. Uvivu wa panki, kama wengine wanavyouita, hapa ni adabu: gitaa linainyamazia melodia iseme yenyewe. Na pale melodia inapotua kwenye C, kodi inayofaa ni C, si A. Kwa wimbo wa aina hiyo D, C na G hutosha kuumaliza.

Nyimbo nyingi huwekwa kwenye D au G kwa sababu ya filimbi. Filimbi ya kawaida ya D hutoa D kuu na G kuu kwa vidole vya kawaida, pamoja na ndugu zao wa E na B ya huzuni. Mwimbaji akisema D iko chini mno kwake na kutaka E bemoli, nusu toni juu yake, mpiga filimbi anahitaji filimbi nyingine ya E bemoli, si vidole vingine. Jambo hili liamuliwe kabla ya kutunga. Bendi inayoligundua studioni hupoteza siku nzima.

Filimbi hiyo ndogo ndiyo chanzo cha matatizo mengi jukwaani, na inastahili kuelezwa kwa kirefu. Sauti yake hutokana na mwendo wa sauti katika hewa iliyo ndani ya bomba, na mwendo huo hutegemea joto. Hewa ikipanda nyuzijoto 10, filimbi hupanda karibu senti 30, karibu theluthi moja ya nusu toni. Wakati huohuo nyuzi za gitaa na banjo zikipata joto hulegea na kushuka. Fikiria ukumbi wa Bergen mwezi Januari. Saa kumi na moja jioni bendi inapima mitambo, ukumbi mtupu, baridi. Kila kitu kinapatana. Saa nne usiku watu wamejaa, jasho linatiririka, taa zinawaka. Filimbi imepanda, nyuzi zimeshuka, na pengo kati yao linaumiza masikio. Fundi mitambo hulaumiwa bure.

Tiba iko kwenye kichwa cha filimbi. Kwa filimbi ya D, kukivuta kichwa nje milimita 1 hushusha sauti karibu senti 6. Milimita 5 huondoa zile senti 30 zote. Filimbi nyingi za bei nafuu huja na kichwa cha plastiki kilichogandishwa kwa gundi. Kitumbukize kwenye maji ya moto dakika moja au mbili, kizungushe taratibu, gundi itaachia. Kabla ya kupanda jukwaani, filimbi iwe mfukoni au kwapani, isiachwe juu ya spika baridi. Bomba la baridi pia hugeuza mvuke wa pumzi kuwa maji kwenye njia ya hewa na sauti hukauka ghafla katikati ya wimbo. Ziba dirisha la filimbi, ule uwazi ulio karibu na mdomo, kwa kidole, puliza kwa nguvu mara moja, unyevu utatoka. Tone la sabuni ya vyombo lililopitishwa kwenye njia hiyo kisha likaachwa likauke hufanya maji yateleze badala ya kujikusanya.

Na pumzi. Filimbi huruka kwenda oktava ya juu kwa kupulizwa zaidi. Mpiga filimbi asiyejisikia kwa sababu ya gitaa hupuliza zaidi bila kujua, noti za chini zinaruka, za juu zinapiga yowe. Kumpa monita yake mwenyewe, yaani spika ya kujisikia jukwaani, yenye filimbi na dramu tu ndani yake, hutibu zaidi ya nasaha yoyote.

Banjo ya muziki huu ni ya nyuzi nne, iliyopangwa G, D, A, E, oktava moja chini ya mandolini na fidla. Mpango huo ulienezwa na Barney McKenna wa The Dubliners, bendi ya Ireland, na faida yake ni kubwa: wimbo uliojifunza kwenye mandolini vidole vyake ni vilevile kwenye banjo na fidla. Hupigwa kwa kipande cha plastiki, noti hupasuka na kufa upesi. Kufa upesi huko ndiko kunakoifanya isikike juu ya gitaa linalonguruma, kwa sababu kila noti ni pigo jipya. Ubaya wake ni ngozi. Ngozi ya banjo ni sawa na ya maiki: spika zikilia, inatetemeka, na mlio unarudi kwenye mitambo mpaka ukumbi unapiga mbinja. Sukuma kitambaa au sponji kati ya ngozi na fimbo ya ndani, karibu na daraja, taratibu mpaka mbinja ikome lakini mlio usizimike. Bendi inayopiga kwa sauti kubwa itumie kinasa sauti cha kubandikwa darajani, maiki ya wazi iachwe kwa kumbi ndogo.

Kodiani haipangwi jukwaani. Vijimeno vyake vya chuma vilipangwa kiwandani, na nyingi ziko kwenye mitetemo 440 au 442 kwa sekunde (Hz) kwa noti ya A. Kwa hiyo yeye ndiye imamu: wote humfuata. Mashine za kupangia gitaa ziwekwe kwenye namba ya kodiani, si kwenye 440 iliyokuja nayo kutoka dukani. Tofauti ya 440 na 442 ni karibu senti 8, ndogo kwa sikio la mpita njia, ila ikiongezwa juu ya filimbi iliyopata joto bendi nzima inasikika kama imelewa. Na kodiani hutoa sauti pande mbili. Maiki moja upande wa kulia hukupa melodia bila besi.

Kwa fundi wa mitambo, filimbi ya D haina noti iliyo chini ya 587 Hz. Kata kila kitu kilicho chini ya 350 kwenye njia yake, na ngurumo za dramu hazitaingia kupitia maiki hiyo. Maiki ielekee dirisha la filimbi, karibu na mdomo, umbali wa sentimita 10 hadi 15 na kidogo pembeni ili isipigwe na pumzi. Watu huielekeza kwenye ncha ya chini kama wafanyavyo kwa tarumbeta, wakapata nusu ya sauti. Gitaa la umeme nalo lipunguziwe mkwaruzo kuliko mpiga gitaa anavyotaka. Mkwaruzo mwingi huzaa mawimbi mengi kati ya 1000 na 4000 Hz, na hapo ndipo filimbi, fidla na maneno ya mwimbaji yanapoishi. Gitaa lililopunguzwa hapo husikika jembamba likiwa peke yake na husikika sawasawa bendi ikiwa kamili. Mpiga gitaa atalalamika wakati wa kupima. Asikilizishwe rekodi ya ukumbini.

Umbo la wimbo nalo linataka hesabu. Melodia ya Ireland ina sehemu mbili, kila moja ya vipimo 8, kila moja hurudiwa: jumla vipimo 32. Kwa kasi ya 220, hizo ni sekunde 35. Wimbo wa panki huisha dakika tatu. Ukiweka melodia nzima kila baada ya ubeti, nusu ya wimbo imekwenda na mwimbaji amesimama tu. Ndiyo maana bendi hizi huchukua sehemu ya kwanza pekee, vipimo 16 pamoja na marudio, sekunde 17 au 18, wakaiweka kati ya beti. Sehemu ya pili, ambayo kwa desturi hupanda juu zaidi, huhifadhiwa mpaka baada ya kiitikio cha mwisho. Wanaoitumia mapema hubaki bila pa kwenda.

Wakati filimbi inapiga, gitaa lizibwe kwa kiganja. Wakati mwimbaji anaimba, filimbi inyamaze au ishike noti ndefu. Filimbi inayokimbia chini ya maneno huyala maneno, na katika muziki huu maneno ni nusu ya mali.

Kuhusu lugha, Norwei imetoa njia mbili zenye heshima. Vamp wa Haugesund, waliotokea mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanachanganya fidla na gitaa kwa upole zaidi na kuimba kwa lahaja ya kwao, wakitumia mashairi ya mshairi wa mji huohuo, Kolbein Falkeid. Wanorwei wanawapenda kwa dhati, na nje ya Skandinavia hawasikiki sana. Whalefishers walichagua Kiingereza, na kiitikio chao kinaweza kuimbwa na ukumbi wa Ujerumani au Marekani siku ileile ya kwanza kusikika. Kiingereza pia kinabeba mkazo wa rili kwa wepesi, kwa kuwa maneno yake mengi ni ya silabi moja na yanaweza kuangushwa moja kwa kila pigo. Anayejaribu kutia Kiswahili kwenye rili ataligundua hili haraka. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho na maneno ni marefu, hivyo jigi yenye tatu-tatu itampokea kwa ukarimu kuliko rili.

Ukipata Loboville ya mwaka 2001 au Songs from the Bunker ya 2010, acha filimbi ipite na uifuate snea peke yake. Gonga meza kila inapolia, kisha jaribu kusema "moja-mbili-tatu" kati ya pigo moja la mguu na jingine. Yakikaa matatu bila kubanana, unasikiliza jigi. Yakibanana na "moja-mbili" ikakaa vizuri zaidi, ni rili au polka, na unaweza kuanza kuhesabu vipimo: kwenye cha 9 melodia itaanza tena kama ilivyoanza, na kwenye cha 17, kama wameamua kuitumia, itapanda.